Fundi Atakua na Mifuko ya Santuri

Wifi yangu ana neno moja la kazini, na neno hilo ndilo lililomeza jina lake. Mzazi akiingia dukani kwake kulalamika kwamba sketi ya mtoto inafagia sakafu au shati linafika magotini, wifi humtazama mtoto kuanzia utosini hadi unyayoni, hutoa pini mdomoni na kusema, "Atakua." Basi. Akishasema hivyo anarudisha pini mdomoni, na kubishana na mtu mwenye pini mdomoni ni kazi bure. Watu wakambandika jina la Fundi Atakua, na sasa wapo wanaume wenye ndevu na vitambi ambao hawajui kama aliwahi kuwa na jina jingine.

Anashona sare za shule, hashoni kitu kingine. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ndani kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito ambayo waya wake umefungwa kitambaa pale ulipochubuka, na chini ya meza gunia la mabaki ya vitambaa ambalo haruhusu mtu yeyote alisogeze. Kila shule ya mji huu ina rangi yake humo: kijivu, bluu iliyoiva, kijani, hudhurungi, na ile miraba myekundu na myeupe ya watoto wa chekechea. Nimemwambia mara nyingi alitupe. Huniuliza kama na mimi huwa natupa dawa zilizobaki kule kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, nami humjibu kwamba ndiyo, zikipita muda wake tunazitupa, tena kwa sheria. Anasema kitambaa hakipiti muda. Mazungumzo yetu mengi huishia hapo.

Namna anavyokata nguo ni hivi. Humpima mtoto kwa futi, kwa makini utadhani anampima suti ya harusi. Huchora mstari kwa chaki. Halafu, na hapa ndipo ugomvi wetu wa miaka yote unapoanzia, hulaza vidole vitatu nje ya ule mstari na kukata huko nje. Vidole vitatu vya kukua. Nikimuuliza sasa alikuwa anapima ili iweje, hunijibu kwamba futi inamwonyesha mtoto alipo na vidole vinamwonyesha anakokwenda. Mkono wake umezoea hivyo mpaka hauombi tena ruhusa kichwani.

Binti yangu alipoanza sekondari, shangazi yake huyo ndiye aliyemshonea koti la shule. Nilipoliona nilikaa chini. Tulikuwa tunaona kichwa na viatu, katikati hapo ni koti. Mikono ilipita ncha za vidole, mabega yalikuwa yameanguka huko, mtoto akigeuka koti linabaki linatazama mbele. Nilimwambia wifi kwamba nilimletea mtoto mmoja, mbona amenishonea wawili. Unajua alivyonijibu. Basi, kila shule zilipofunguliwa, binti yangu alivaa lile koti, akapita dukani, akasimama mlangoni mikono imening'inia na kusema, "Shangazi, bado linanipwaya." Na shangazi yake alimjibu neno lake lilelile bila kuinua macho kwenye cherehani. Ukawa mchezo wao. Wao wawili wakicheka, mimi nanuna. Mtoto alimaliza shule na koti linampwaya vilevile, likaingia kwenye sanduku langu na humo likakaa, kwa sababu ni koti zima, halina hata kifungo kilicholegea, na mimi si mtu wa kutupa kitu kizima. Wifi asisikie hilo.

Huyo binti ndiye siku hizi anayejiita Kimya. Jina hilo sijui alilitoa wapi, maana nyumbani hakai kimya hata mdomo ukiwa umejaa. Anapiga gitaa na kuimba nyimbo anazotunga mwenyewe, na vijana wanauita muziki mbadala. Nilimuuliza mbadala wa nini. Akasema mbadala wa ule unaousikia kila mahali, na kweli, huu wake husikii popote. Nyimbo zake hazina kiitikio cha kukusaidia, hazichezeki, zinaanza kama mtu anayejisemea jikoni na kuishia kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Upo mmoja mzima unaohusu bomba linalovuja. Baba yake, ambaye anampenda kupita kiasi, aliusikiliza mpaka mwisho, akashukuru, kisha akaenda kutafuta spana.

Wifi yangu hakuwa hivyo. Yeye anazijua nyimbo zote kwa moyo, kwa sababu zilitungwa pembeni mwa meza yake ya kukatia. Kimya alikuwa akitoka shule anapanda pale, miguu inaning'inia, anaimba kipande, na shangazi yake, macho kwenye sindano, anamwambia hapa pamebana, hapa panapwaya, hapa rudia mshono. Mimi nilidhani wanazungumzia nguo. Mpaka leo Kimya hatoi wimbo kabla haujapita kwenye meza ile.

Albamu yake ya kwanza, *Nguo Hazijakauka*, ilitoka mtandaoni na kwa muda ikawa kimya kama jina la mwenyewe. Halafu, sijui upepo gani ulivuma, vijana wakaanza kuisikiliza na kupelekeana, wakawa hawatosheki, wanataka kitu cha kushika mkononi. Meneja akapanga toleo maalumu. Huyu Meneja ni kijana mrefu anayetembea na vipokea sauti shingoni hata kwenye mvua, na tunamwita hivyo kwa sababu tangu tumjue hajawahi kufanya jambo jingine zaidi ya kumsimamia binti yetu na kupandwa na presha. Toleo lenyewe lilikuwa la santuri, zile sahani kubwa nyeusi walizokuwa nazo wazee wetu, mia na hamsini tu, kila moja na namba yake, na nyimbo mbili za nyongeza ambazo hazikuwamo mwanzo. Zilichapwa nchi ya mbali na zingekuja zimevaa karatasi nyeupe tupu. Kimya alitaka mfuko wa nje uwe wa kitambaa, kwa kuwa albamu yenyewe inahusu nguo.

Habari hiyo ilipomfikia wifi, alifunga duka mchana. Siku ya harusi yangu alichelewa kwa sababu alikuwa anamalizia kaptura za watu, kwa hiyo nilipomwona mlangoni kwangu saa za kazi nilijua kuna jambo. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule na futi bado iko shingoni.

"Mwanangu, nipe mimi," alimwambia Kimya. "Tangu nishike mkasi, kila nilichoshona kimekwenda shule. Naomba kimoja kiende kwingine."

Kimya alimrukia shangazi yake shingoni, wakazunguka sebule nzima wakicheka kama wendawazimu, wakaangusha chombo cha maua, na hakuna aliyekiokota mpaka baba mtu aliporudi na kukikanyaga.

Wifi aliifanya kazi ile kama mtu anayeandaa posa ya mwanawe. Aliazima santuri moja ya marehemu baba yao kutoka kabatini kwetu, akaipima juu, chini na ubavuni, kisha akairudisha kwa heshima zake zote. Akachagua kitambaa kizito cha rangi ya maziwa. Akakikata, akapeleka vipande kwa mchora mabango, rafiki wa Kimya, ambaye aliuliza ukubwa na kuambiwa apime vipande vyenyewe. Naye akapima, akakuza mchoro wake ujae kutoka ukingo hadi ukingo: kamba ya kuanikia inayoanza upande huu na kuishia upande ule, imejaa mashati na mashuka yanayopeperuka, na mwisho kabisa, kwenye foronya inayogusa ukingo, jina la binti yangu. Vipande vilirudi vimechapwa, wifi akavishona kwa mshono wa kurudia, akavipiga pasi, akavipanga mezani vimenyooka kama mashuka ya hoteli.

Vilikuwa vizuri. Nimegombana na mwanamke huyu tangu nilipoolewa na kaka yake, lakini nilimwambia waziwazi kwamba vimenitoa machozi. Wiki ile alitembea barabarani kama bibi harusi. Wazazi walioleta watoto kupimwa walionyeshwa mifuko kwanza, watake wasitake, na kuambiwa kwamba hii haiendi shule.

Alhamisi Meneja alileta maboksi ya santuri. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Tulijazana dukani sote: mimi, mume wangu, Kimya, Meneja, na wifi akiwa amevaa gauni la kutokea. Kimya alipasua boksi la kwanza, akatoa santuri, akaipiga busu, akaanza kuiingiza kwenye mfuko. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Ikafika mwisho ikalala kwa pembeni kama mtu aliyepewa kitanda cha watu wawili. Kimya alipoinua mfuko ili auone vizuri, santuri ikatelezea upande wa pili, ikachungulia mdomoni, ikatoka, na Meneja akaidaka kwa tumbo.

Wifi alimpokonya Meneja santuri, akairudisha mfukoni, kisha polepole akaingiza mkono na kulaza vidole kati ya santuri na mshono. Vilikaa vitatu, havikuzidi wala havikupungua.

"Jamani," alisema, kwa sauti ndogo. "Nimeiachia ya kukua."

Kimya alianza kucheka akiwa amesimama na akamalizia akiwa sakafuni. Baba yake akashika mlango. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikawa namwonyesha wifi kidole na siwezi kutoa sauti. Santuri! Kitu ambacho hakijawahi kukua tangu kiumbwe, kimeshonewa sare ya kumaliza nayo shule. Tulicheka vile, na tulipofuta macho ndipo tulipoona kwamba Meneja hacheki, na wifi hacheki.

Meneja si kijana mbaya. Alieleza taratibu, na kila alilosema lilikuwa kweli. Santuri ikicheza namna ile inachubuka, na ikichubuka wimbo unarukaruka. Mifuko haipunguziki, maana ukiingiza mshono ndani, kamba ya nguo inakatika na jina la mwimbaji linaliwa nusu. Kukata na kuchapa upya hakuwezekani kwa siku iliyobaki. Basi akashauri kwamba Jumamosi santuri ziuzwe ndani ya maboksi ya karatasi ya kawaida, na mifuko ya shangazi wapewe watu wakaitundike ukutani kama pambo.

Wifi alisema ni sawa. Alisema mara mbili, ni sawa, ni sawa, akakunja futi yake, akachukua lile shuka analofunikia cherehani wakati wa kufunga, akaifunika. Jua lilikuwa bado kali nje. Nimemjua miaka yote hiyo na sijawahi kuiona cherehani ile imefunikwa mchana. Afadhali angempiga mtu.

Kimya naye aliona. Aliinuka kutoka sakafuni, akajipangusa magoti, akasema yeye boksi hataki. Meneja akamuuliza anataka nini sasa. Alipiga magoti tena, akaingia chini ya meza, akavuta kipande cha kitambaa cha kijivu kutoka kwenye lile gunia lisilosogezwa, akaizungushia santuri kienyejienyeji na kuisukumia yote ndani ya mfuko. Akautikisa. Kimya cha kweli kikasikika.

"Mnaona? Haichezi," alisema.

Kitambaa kilikuwa kimetoka nje upande mmoja kama ulimi, nyuzi zinaning'inia. Wifi alikuwa ametupa kisogo, lakini nilimwona anaangalia kwa jicho la pembeni. Aliangalia, akageuka, akaangalia tena. Alijikaza kadiri alivyoweza. Halafu akashindwa.

"Toa hilo," alisema. "Kitu hakivishwi hivyo."

Akafunua cherehani. Hakupima kitu, alikata tu lile baki la kijivu, akalikunja mara mbili liwe nene, akalipitisha chini ya sindano upande huu na upande ule, na kwa kuwa mkono wake haujui kufunga kitu kwa namna nyingine, akaweka mfuniko kama wa mfuko wa shati na kifungo kimoja cheupe cha shule. Akaivalisha santuri, akaifunga kifungo, akaipigapiga kidogo begani, naapa aliipiga begani, kisha akaitia kwenye mfuko wa nje. Ikashuka ikakaa. Meneja aliuchukua mfuko, akautikisa karibu na sikio, akaugeuza kichwa chini, akautikisa tena. Kisha akavua vipokea sauti vyake shingoni, akavitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati na kuuliza aanzie wapi.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha mgonjwa, na sikudanganya sana, kwa sababu tulikuwa wagonjwa wote. Gunia lilimwagwa. Sakafu ya duka ikawa shule zote za mji zimekusanyika. Wifi alikata na kushona kwa mwendo ule wa wiki ya shule kufunguliwa, ambao ukiuona unasogea pembeni mwenyewe. Kimya alikaa kwenye cherehani ya pili. Mume wangu alipewa pasi, akaunguza kipande cha hudhurungi, akahamishiwa kwenye kukata nyuzi. Meneja alikuwa anageuza vifuko ndani nje na kusukuma kona kwa mpini wa brashi, na hata saa ya chakula haijafika alikuwa tayari anawasema wenzake kuhusu kona butu, utadhani alizaliwa juu ya kitambaa.

Mimi nilipewa vifungo. Nilishona vyangu vya mwanzo kwa fahari, wifi akavikagua, akavikata vyote kwa meno na kunirudishia. Nilimwambia kwamba kwenye duka la dawa watu wananiheshimu. Akasema huko hakuna vifungo. Tukatazamana, tukaangua kicheko kile cha kupokezana, akinyamaza huyu anaanza yule, mpaka Kimya akatuambia tutoke nje tukapunge upepo kama hatuwezi kufanya kazi na watu.

Na alikuwa anaimba, huyo binti. Mguu kwenye pedali, anaimba nyimbo zote za albamu moja baada ya nyingine, cherehani zinamwitikia. Wimbo wa bomba linalovuja ulipofika nilijikuta nauimba na mimi, wote, mpaka ule mstari wa mwisho. Nilinyamaza haraka. Wifi alikuwa ameshanisikia, alinitazama juu ya miwani na kutabasamu na pini zake mdomoni. Sawa, nakiri, ni wimbo mzuri. Mahali fulani katikati ya vifungo hivyo Kimya aliniuliza ufunguo wa sanduku langu uko wapi, nikamwambia uko kwenye droo na asinisumbue, naona tundu la sindano limejificha.

Jumamosi tulikwenda kwenye ukumbi uliokuwa wa sinema zamani, wenye viti vyekundu vilivyochanika na harufu ya vumbi lililopigwa maji. Vijana walikuwa wamejaa tele. Wengine nywele zimesimama, wengine wamenyoa upande mmoja, wote wamevaa kama waliochagua nguo gizani. Wifi alikaa safu ya mbele, mkoba juu ya mapaja, mgongo umenyooka. Aliniambia kwamba wakicheka tutatoka kwa mlango wa pembeni. Nilimwambia wakicheka mimi nitapigana. Tulikuwa tumeshikana mikono, mimi na yeye, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hakuna kati yetu aliyelitaja.

Meneja alifungua meza. Msichana wa kwanza alichukua santuri yake, akausifu mfuko wa nje, akapitisha kidole kwenye kamba ya nguo, kisha akachungulia ndani na kukutana na kifungo. Akakifungua. Alisimama pale bila kusogea, foleni ikamgonga mgongoni. Akaushika ule mfuniko wa kijani baina ya vidole viwili, akausugua, akageuka na kumwita mwenzake kwamba hiki ni kitambaa cha shule yao, kile cha kuwasha. Mwenzake akafungua wake akakuta bluu. Baada ya hapo hapakuwa na foleni tena. Kila mtu anafungua, kila mtu anachungulia cha mwenzake, aliyepata hudhurungi anatafuta kijivu, aliyepata kijivu hakitoi ng'o, watu wanaitana kwa majina ya shule ukumbi mzima na kubadilishana. Jitu moja lenye ndevu na kitambi lilipata ile miraba myekundu na myeupe ya chekechea, likaikumbatia kifuani, na watu watatu walioliomba wabadilishane liliwapa kisogo.

Ndipo mtu akauliza nani ameshona, na Meneja akaonyesha safu ya mbele kwa mkono mzima.

Walikuja. Walijipanga mbele ya wifi yangu, watu wazima na kazi zao, wakawa wanamshitakia. Mmoja alivaa kaptura yake miaka minne na haikumkaa hata siku moja. Mwingine alikuwa anakunja mikono ya shati mara tatu. Dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisema sketi yake aliirithi mdogo wake, na mdogo wake naye akamrithisha binamu, na binamu bado ilimpwaya. Wote wanacheka, wengine wanafuta macho, na wifi anawatazama mmoja mmoja kuanzia utosini hadi unyayoni na kuwaambia wewe ulikuwa na bega moja limeshuka, wewe ulikuwa unakula kola, wewe mbona umekuwa mrefu hivi.

Walipomwachia nafasi ya kupumua alinigeukia. Nilidhani amechoka.

"Wifi," alisema, "kumbe zote zilikuwa zinakwenda kwingine."

Nilikuwa natafuta leso kwenye mkoba wangu taa zilipozimwa. Ikawaka taa moja jukwaani, na Kimya akatoka pazia la nyuma na gitaa lake, na watu wakaanza kupiga makofi, na mimi nikasimama kwenye kiti changu kwa sababu nililijua lile koti. Lile la shule. Lile la sanduku langu. Amelifunga vifungo vyote, nembo ipo kifuani, mikono inaishia kwenye viganja kama mikono ya koti inavyotakiwa kuishia. Amepata mabega, huyu mtoto, sijui ni kwa kubeba gitaa au ni lini. Alisogea kwenye maikrofoni, akaning'iniza mikono yake pembeni kama alivyokuwa akifanya mlangoni kila shule zilipofunguliwa, akatafuta safu ya mbele kwa macho.

"Shangazi," alisema, "halinipwayi tena."

Wifi yangu hakulia. Aliniachia mkoba wake, akapanda ngazi za jukwaa moja baada ya nyingine, taa ikimfuata, akamzunguka Kimya mara moja. Alivuta upindo. Alikagua kifungo cha juu. Halafu akaingiza mkono chini ya bega la koti na kulaza vidole, na ukumbi mzima, kila mtu aliyewahi kusimama kwenye duka lile akiwa mdogo, ukasubiri. Akavitoa na kuviinua juu tuvione.

"Bado viwili," alisema kwenye maikrofoni. "Atakua."